Vichezeo vya kujifunzia vya kutengeneza nyumbani: kuanzia boksi tupu hadi kichezeo kinachodumu

Maswali ya wanaoanza ni yale yale: nianze na kipi, gundi gani haina madhara, mbona kila ninachotengeneza kinachanika siku ya pili, na mbona mtoto anakiacha baada ya dakika mbili? Hapa chini kuna vichezeo vitano, na kimoja cha nyongeza kwa watoto wakubwa kidogo. Usivitengeneze vyote kwa mkupuo. Chagua kimoja kinachoendana na umri wa mtoto, kimalize vizuri, kisha ndiyo uende kwenye kingine.

Nadharia ni fupi. Kichezeo kizuri cha kujifunzia humwonyesha mtoto mwenyewe kama amepatia au amekosea, bila wewe kusema neno. Kipande kikigoma kuingia, amejua. Kikiingia na kusikika "po!" ndani ya boksi, amejua pia. Kichezeo kinachohitaji mtu mzima akae pembeni akisema "hapana, siyo hapo" bado hakijakamilika.

KABLA YA KUANZA

Andaa hivi:

- Maboksi mawili au matatu ya kadibodi, yale yenye mawimbi katikati, makavu na yasiyo na madoa ya mafuta. Moja liwe na ukubwa wa boksi la viatu.
- Rula, penseli, bikari na kalamu ya maka.
- Mkasi imara na kisu cha kukatia karatasi.
- Gundi nyeupe ya maji. Ile ya mbao inashika zaidi.
- Selotepu pana, nyeupe inayoonyesha.
- Chupa ya plastiki ya mililita 250 hadi 300.
- Soksi kuukuu, vipande vya kitambaa, sindano na uzi.
- Msasa laini.
- Vitabu vizito vya kukandamizia.

Pini zote za chuma kwenye maboksi zing'olewe mwanzoni, kabla hujaanza kupima. Ukiahirisha utasahau moja, na mtoto ndiye atakayeipata.

Kuna vitu ambavyo hata ukivisafisha vipi havifai: chupa zilizowahi kuwa na dawa, sabuni kali au dawa ya wadudu; makopo yenye ukingo wa kukata; mbao zenye rangi ya zamani, kwa kuwa rangi hizo huweza kuwa na madini ya risasi; povu jeupe la kufungashia, ambalo humeguka kuwa punje; maputo na mifuko ya plastiki; sumaku ndogo na betri bapa za mviringo. Betri ya aina hiyo ikimezwa huunguza koo ndani ya saa chache, kwa hiyo usiichomoe kwenye saa au kadi ya muziki kwa ajili ya kichezeo chochote.

Kuhusu gundi: ile kali ya papo hapo inawavutia wengi kwa sababu haikupi kazi ya kusubiri, lakini ikikauka inakuwa kavu kama kioo na huachia kichezeo kinapoanguka. Gundi ya uji wa unga inashika karatasi vizuri sana, ila huota ukungu na kuita wadudu. Itumie kwa kitu cha siku mbili tatu tu.

KIPIMO CHA TUNDU

Kata kadibodi ya ukubwa wa kiganja, katikati toboa tundu la duara lenye upana wa sentimita 4. Hicho ndicho kipimo chako. Kitu chochote kinachopita humo, kikiwa kimelala, kimesimama au kimeinama, hapewi mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kizibo cha chupa ya maji kina upana wa sentimita 3 hivi, nacho hupita bila shida. Watu wengi hushangaa hapo, maana vizibo ndivyo vitu vya kwanza wanavyokusanya.

Pima pia kwa jicho la pili: kichezeo hiki kikipasuka, vitakavyotoka ndani vitapita kwenye tundu? Na kamba yoyote iliyofungwa kwenye kichezeo cha mtoto mdogo isizidi sentimita 22, isije ikamzunguka shingoni.

1. MANYANGA YA CHUPA (miezi 6 na kuendelea)

1. Osha chupa kwa maji ya moto kiasi na sabuni, suuza, kisha iegemeze mdomo ukiwa chini kwa siku nzima. Unyevu ukibaki, kilichomo ndani kitaota ukungu ndani ya wiki mbili.
2. Tia vijiko vitatu vya mchele mkavu. Usizidishe. Chupa iliyojaa haitoi sauti, na uzito wake mtoto anajipiga nao usoni.
3. Pangusa nyuzi za mdomo wa chupa mpaka zikauke, zikwaruze kidogo kwa msasa, paka gundi, kaza kizibo kwa nguvu zako zote. Acha siku nzima.
4. Zungushia selotepu mara nne, nusu ikiwa kwenye kizibo na nusu kwenye shingo ya chupa.
5. Shona mfuko wa kitambaa unaoibana chupa, uivike, kisha ufunge mdomo wa mfuko kwa mishono midogo ya kurudia mara mbili.
6. Iangushe mara kumi sakafuni kutoka usawa wa kiuno. Jaribu kuzungusha kizibo ukiwa umeshika juu ya kitambaa. Kikisogea hata kidogo, rudi hatua ya 3.

Hatua ya 5 inaonekana kama pambo, lakini ndiyo kufuli. Plastiki ya vizibo ni ya aina ambayo gundi nyingi haziishiki sawasawa, hivyo gundi peke yake itaachia tu, kama si leo ni mwezi ujao. Kitambaa ndicho kinachozuia.

Na usiweke maharage badala ya mchele. Harage kavu likiingia puani huvimba kwa unyevu na kukwama, na maharage mekundu yakiliwa mabichi yana sumu.

2. BOKSI LA KUTUMBUKIZA (miezi 10 na kuendelea)

Mtoto anaachia mpira juu, unapotea, kisha unatokea mbele. Basi. Atarudia mara thelathini.

Vipimo hivi ni vya boksi lenye kimo cha sentimita 12, urefu wa 30 na upana wa 18 hivi.

1. Kunja soksi iwe mpira wa upana wa sentimita 6. Ushone kuuzunguka ili usifunguke, halafu upitishe kwenye kipimo cha tundu: ukiubana kwa vidole usipite.
2. Kwenye mfuniko, karibu na ukingo wa nyuma, chora duara la sentimita 7.5 na ulikate. Pitisha kisu taratibu mara tatu au nne kwenye mstari ule ule. Ukikikandamiza ili kikate mara moja, kitateleza na kadibodi itachanika ovyo.
3. Kwenye ubavu mrefu wa mbele kata mlango wenye upana wa sentimita 15 na kimo cha 8. Bakiza kizingiti cha sentimita 1.5 chini, la sivyo mpira utakimbilia chini ya kochi kila mara.
4. Kata kipande cha kadibodi cha kutosha sakafu nzima ya boksi. Kigundishe kikiwa mteremko: nyuma kimeinuka sentimita 4, mbele kimegusa chini.
5. Kabla ya kukifunga, sukuma kitabu chembamba chenye uzito chini ya mteremko. Kinaushikilia, na pia kinalizuia boksi lisisogee mtoto anapoliegemea.
6. Piga selotepu kwenye kingo zote zilizokatwa, funga mfuniko, tumbukiza mpira mara ishirini.

Kosa la kawaida ni kuinua mteremko sana kwa kudhani mpira utatoka haraka zaidi. Ukiuinua sentimita 7 nyuma, nafasi iliyobaki chini ya mfuniko ni 5 tu, wakati mpira una 6. Utakwama ukiwa nusu ndani nusu nje.

3. BOKSI LA MAUMBO (mwaka mmoja na nusu na kuendelea)

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapokosea bila kujua. Mtu anakata duara la sentimita 5 na mraba wa sentimita 5, anaona vinapendeza. Mtoto anachukua duara, analitia kwenye tundu la mraba, linaingia. Kichezeo kimemwambia amepatia, kumbe amekosea. Vipimo lazima vichaguliwe ili kila umbo likatae matundu ya wenzake:

- Duara: kipande kina upana wa sentimita 5, tundu lake 5.3.
- Mraba: kila upande wa kipande sentimita 4, wa tundu 4.3.
- Pembetatu yenye pande sawa: kila upande wa kipande sentimita 6, wa tundu 6.5.

Mraba wa sentimita 4 una karibu 5.7 kutoka pembe hadi pembe, kwa hiyo haupenyi tundu la duara. Duara la 5 nalo haliingii kwenye mraba wa 4.3. Pembetatu ya 6 ni kubwa kwa matundu yote mawili, na tundu lake ni dogo mno kwa duara na mraba.

Jambo la pili ni kimo. Kipande kiwe kirefu, sentimita 6. Kikiwa chembamba kama biskuti, mtoto atakigeuza upande na kukipenyeza popote.

1. Chora maumbo matatu kwenye karatasi ngumu, uyakate yawe violezo.
2. Kwa kadibodi yenye unene wa milimita 4, kata vipande 15 vya kila umbo. Kwenye mraba hakikisha mawimbi ya kipande kimoja yanapishana na ya kinachofuata; maumbo mengine yageuzegeuze tu.
3. Gundisha vipande vitano vitano. Paka gundi nyembamba. Ukiimwaga, mawimbi yatalowa na kubonyea, na kimo chako kitapungua.
4. Ili vipande vikae sawa, visukume kwenye pembe ya vitabu viwili vilivyokutana. Weka uzito juu kwa saa moja, kisha unganisha mafungu matatu na uyaache chini ya uzito mpaka kesho.
5. Pima kimo. Kikipungua, ongeza kipande kimoja au viwili. Piga msasa ubavuni, zungushia karatasi nyeupe kwa gundi, funika kwa selotepu inayoonyesha.
6. Tengeneza ubao wa juu wa boksi kwa kadibodi mbili zilizogundishwa, mawimbi ya moja yakiwa wima na ya nyingine mlalo. Acha chini ya vitabu usiku kucha.
7. Chora matundu, ukiacha angalau sentimita 4 kati ya tundu na tundu. Sasa simamisha kila kipande juu ya mchoro wake. Karatasi na selotepu huongeza unene, na wengi husahau. Panapaswa kubaki milimita 1.5 kila upande. Ikiwa hazipo, panua mchoro, wala usipunguze kipande.
8. Kata. Kisha jaribu kila kipande kwenye kila tundu. Majaribio ni tisa: matatu lazima yakubali, sita lazima yakatae, hata ukisukuma.
9. Paka gundi nyeupe kwenye kingo za matundu, acha ikauke. Inakuwa ngumu kama plastiki na kingo hazinyambuki.
10. Gundisha ubao juu ya boksi lenye mlango kama la kichezeo cha pili, lakini bila mteremko wala kitabu.

Ushauri mmoja ambao si kila mtu ataupenda: vipande vyote viwe na rangi moja. Ukipaka duara nyekundu na tundu lake jekundu, mtoto ataoanisha rangi na hataangalia umbo kabisa. Kama unataka kumfundisha rangi, hilo ni boksi lingine.

Siku za mwanzo ziba mraba na pembetatu kwa kipande cha kadibodi, abaki na duara tu. Duara halihitaji kuzungushwa ili liingie. Mraba ufuate, pembetatu iwe ya mwisho.

4. FUMBO LA PICHA (miaka 2 na kuendelea)

1. Chagua picha yenye kitu kimoja kikubwa: mnyama, gari, au uso wa mtu anayemjua. Picha ya mandhari yenye anga kubwa itazaa vipande vya bluu visivyo na maana.
2. Kata kadibodi moja ya ukubwa wa picha na mbili zilizozidi sentimita 3 kila upande.
3. Gundisha picha kwenye kadibodi ya kwanza, kisha papo hapo gundisha karatasi tupu ya unene ule ule upande wa nyuma. Karatasi iliyolowa gundi hunywea inapokauka na kuvuta kadibodi. Ikiwa upande mmoja tu ndio wenye karatasi, fumbo litakunjika kama kigae.
4. Kandamiza usiku kucha.
5. Funika picha kwa selotepu inayoonyesha, kisha kata. Mtoto wa miaka 2: vipande vinne, kwa mistari iliyonyooka. Wa miaka 3: sita hadi tisa. Mistari ipite juu ya kitu chenyewe, ili kila kipande kiwe na sikio, gurudumu au mkono.
6. Toa katikati ya kadibodi kubwa moja uwazi uliozidi picha kwa milimita 2 kila upande. Inayobaki ni fremu; igundishe juu ya kadibodi kubwa ya pili. Sasa una sinia la kupangia vipande.
7. Nyuma ya kila kipande chora alama moja. Ukitengeneza fumbo la pili, alama iwe tofauti. Siku yatakapochanganyika utajishukuru.

Hatua ya 6 usiiruke. Bila sinia, vipande vya mistari iliyonyooka vinateleza huku na huko na mtoto anakata tamaa.

5. UNGA WA KUCHEZEA (miaka 2 na kuendelea, ukiwa naye)

1. Changanya vikombe viwili vya unga wa ngano na kikombe kimoja cha chumvi laini.
2. Ongeza vijiko viwili vya mafuta ya kupikia.
3. Mimina maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, jumla robo tatu ya kikombe. Acha vijiko viwili vya mwisho mpaka uone kama vinahitajika.
4. Kanda dakika nane hadi kumi, mpaka unga uache kunata mikononi.
5. Hifadhi kwenye chombo kinachofunga vizuri. Hudumu wiki moja au zaidi. Harufu ikibadilika, tupa.

Chumvi ni nyingi, na chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto mdogo, na pia kwa mbwa wa nyumbani. Kulamba kutamkinaisha kwa uchungu wake, lakini mtoto anayemeza kila kitu asipewe bado. Mwenye mzio wa ngano asiuguse.

NYONGEZA: VIZIBO VYA KUHESABIA (miaka 3 na kuendelea)

Kusanya vizibo kumi vinavyolingana, vioshe. Kwenye vipande vya kadibodi andika 1, 2, 3, na chini ya kila namba fuatisha kizibo kwa penseli mara hiyo hiyo: duara moja, mawili, matatu. Mtoto anajaza maduara. Duara likibaki tupu au kizibo kikikosa pa kukaa, ameona mwenyewe. Usitoe 4 kabla hajazoea 3, hata kama anaimba mpaka 20. Kuimba namba na kuhesabu vitu ni mambo mawili.

MATATIZO NA TIBA ZAKE

Kadibodi imelainika pembeni. Ni mate. Kata sehemu iliyolowa ikiwa ni ndogo, paka gundi nyeupe ukingoni mara mbili, acha ikauke katikati ya kila mpako. Ikianza kunyambuka vipande, tupa chote.

Kipande cha umbo kinakwama kwenye tundu lake mwenyewe. Mara nyingi ni hewa ya unyevu, kadibodi imevimba. Usikimbilie kisu. Weka boksi mahali pakavu siku mbili, jaribu tena, na kikigoma panua tundu kwa msasa.

Tabaka za kipande zinaachana. Gundi haikupewa muda, au uzito haukutosha. Fungua kwa rula, paka upya, kandamiza siku nzima.

Unga unanata. Ongeza unga kijiko kimoja kimoja. Ukimeguka, lowesha mikono na ukande tena. Usimimine maji juu yake.

Mtoto hakitaki. Kwanza angalia kama ni kigumu kwake: rudisha tundu moja, au fumbo la vipande viwili. Kama si hivyo, kifiche wiki mbili kisha kitoe tena. Na ikiwa ameamua kuingia yeye mwenyewe ndani ya boksi ulilokuwa ukilipima, mwachie, tafuta jingine.

Anarusha kila kitu. Mpe mipira ya soksi na kapu. Boksi la maumbo lisubiri mwezi mmoja.

Manyanga imebadilika sauti. Mchele umeingia unyevu au kizibo kimelegea. Kata mishono uangalie, na mpaka hapo mtoto asiishike. Kwa vichezeo vyote, pitisha mkono na jicho kila jioni unapovikusanya: ukingo ulionyambuka, uzi uliolegea, selotepu iliyoinuka. Kilicho na kasoro kinakwenda juu ya kabati usiku huo huo.